Tuchoreeni Mpambe

Kila aliyekulia kwenye vibanda vya video anaijua sheria ya kwanza: stelingi hafi. Sheria ya pili haitamkwi, lakini tunaijua vilevile. Wapambe wa adui hufa wengi, hufa haraka, na hufa bila majina. Mmoja anarushwa dirishani, mwingine anapigwa teke anavunja meza, sisi tunashangilia. Hakuna anayeuliza kama yule msee wa dirishani alikuwa amelipwa pesa zake za mwezi uliopita.

Mimi nauliza. Kitabu cha katuni ambacho pwani yetu inakihitaji leo si cha shujaa mwingine. Ni cha mpambe aliyechoshwa na bosi wake, na kiwe cha mapigano kuanzia jalada hadi jalada.

Msiniambie wazo hilo ni la Marekani. Hadithi tunayo, tumeikalia tu. Mchukueni Fumo Liyongo. Wachoraji wanampenda, wanampa kifua kipana kama mlango wa mbao wa Lamu. Sawa. Lakini usome tena utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, halafu uniambie ni nani hasa anayefanya kazi mle ndani. Sultani wa Pate amekaa kitako. Wanaotumwa ni wawindaji wa msituni, ambao masimulizi huwaita Wasanye na Wadahalo. Wanaahidiwa fedha wamuue Liyongo. Wanakula naye kikoa, kwa zamu, wakipanga kwamba zamu yake ya kupanda mkoma ikifika watamfuma mishale akiwa juu. Liyongo anayatungua makoma kwa mshale akiwa chini. Mpango umekufa.

Sasa isimulie hadithi hiyohiyo kutoka kwa mmoja wa wale wawindaji. Amekula na huyu mtu siku kadhaa. Upinde uko mkononi. Ahadi iko Pate, mbali, na kazi imeshindikana. Nani atakwenda kumwambia mzee? Hapo una kurasa ishirini, na bado hatujamfikia mtoto wa Liyongo mwenyewe, aliyeahidiwa binti wa sultani, akamchoma babake kitovuni kwa sindano ya shaba, kisha asipate alichoahidiwa. Sultani alibaki na kiti. Kijana alibaki na damu ya babake.

Au nendeni Ras Kitau, ile ncha ya kisiwa cha Manda inayotazamana na Shela. Mnamo 1812 hivi, jeshi la Pate na la Wamazrui wa Mombasa lilishuka Shela kuja kuitia Lamu adabu. Likashindwa vibaya. Masimulizi yanasema maji yalikuwa yamekupwa, vyombo vimekaa mchangani, na askari waliokimbilia pwani wakauawa palepale. Baada ya hapo vitabu vinaendelea na wakubwa: Lamu ikaomba ulinzi kwa Seyyid Said wa Oman, Wamazrui wakaishika Mombasa hadi 1837. Na wale wa mchangani? Hatuna hata jina moja. Ningekuwa mchoraji, ningesimama Ras Kitau niitazame Shela ng'ambo ya mkondo, nimchague mmoja tu: anayesukuma jahazi lisilosukumika huku akimtukana aliyemleta.

Mtasema hayo ni ya kale. Haya, tarehe 17 Juni 2025, katikati ya Nairobi. Watu walitoka kudai haki kwa Albert Ojwang, mwalimu aliyefia korokoroni. Vijana wenye marungu na mijeledi, wengine juu ya bodaboda, wakawavamia. Tuliwaona kwenye simu zetu. Wengi walikuwa rika letu. Aliyewatuma hatukumwona, na hilo ndilo tatizo langu na katuni zenu. Zinatufundisha kumtazama mwenye rungu mpaka tusahau kwamba kuna mwenye kiti.

Najua jibu: "Kwa hiyo unataka tumwonee huruma mhuni aliyemchapa dadangu?" La. Mchoreni akipiga, damu ionekane. Aliyepigwa awe na uso, jina na mama anayemsubiri nyumbani. Kumwelewa mtu si kumsamehe. Lakini adui bila wapambe ni mzee mmoja tu kwenye kiti, anapiga kelele peke yake. Nguvu zake zote ziko kwa vijana wanaokubali kutumwa, na vijana hao wanatoka mtaani kwetu, miongoni mwa hawahawa wanaosoma katuni. Tukiwachora kama nzi wa kupondwa, tunawaambia kile bosi anachowaambia tayari: wewe si kitu, ukifa nitamleta mwingine.

Wala sitaki zile katuni za miradi. Mnazijua. Kijana mbaya anaenda semina, ukurasa wa mwisho anafuga kuku, na nembo ya mfadhili iko pale chini. Hakuna anayezisoma mara mbili. Shujaaz imetuonyesha tangu 2010 kwamba katuni ikiongea Sheng na ikiwaheshimu vijana, inasomwa. Kilichobaki ni ujasiri wa kumfuata mtu asiyependeka.

Kwa hiyo, wachoraji, fanyeni hivi. Mpeni mpambe jina kabla ya kumpa rungu. Onyesheni bei yake, nani aliipanga, na nani alikula nusu yake njiani. Onyesheni siku anapompiga mtu anayemfahamu. Na akichoka, msimpeleke semina. Mrudisheni usiku kwa bosi wake, yule mbwa asibweke kwa kuwa anamjua, na yeye ndiye anayejua ufunguo unawekwa wapi.

Ukurasa unaofuata, nitaununua kwa pesa yangu.