Silva si silva tu

MTAANI KWETU
Na Salum Kibwana

Jumamosi mbili zilizopita nilishinda nyuma ya nyumba na fulana ya kazi, nashughulikia mchubuko wa urefu wa kidole juu ya tairi la nyuma la Toyota Vitz yangu. Jirani akapita, akasimama. "Mzee, mafundi wamekwisha mjini?" Hawajaisha. Ila gari hili lina mlango mmoja wenye kisa, na kisa hicho ndicho kilichonikalisha juani na msasa mkononi.

Miaka mitatu iliyopita bodaboda ilinipitia ubavuni kwenye foleni, ikaacha mstari mlango wa mbele. Nikaenda gereji ya jirani, nikamwambia fundi rangi ni silva. "Silva ni silva, bosi," akanijibu. Akachanganya kwa jicho, akapiga mlango mzima. Jioni, chini ya kivuli cha mwarobaini, nikaona kazi safi, nikalipa na ahsante juu. Kesho yake saa tatu asubuhi, jua limewaka, mlango ukaonekana kama umechomolewa kwenye gari jingine. Mpaka leo uko hivyo.

Nilimlaumu sana fundi yule, na sikumtendea haki. Mimi mwenye gari sikuwa naijua rangi ya gari langu! Fungua boneti ya Toyota, tazama ukuta wa nyuma ya injini, au fungua mlango wa dereva uangalie nguzo yake: utakuta kibati cha kiwandani. Palipoandikwa C/TR, herufi na namba za mwanzo ndizo rangi. Yangu ni 1F7. Iko pia 1E7, silva nayo, ya Toyota hiyohiyo, lakini si moja. Weupe nao hautoshi kuitwa weupe: 040 ni nyeupe tupu, 070 ni nyeupe ya lulu yenye tabaka la ziada katikati. Ukiziba mchubuko wa 070 kwa 040 umepaka chokaa.

Ukiwa na namba hiyo, duka lenye mashine ya kuchanganyia rangi za magari litakupimia kwa mzani, hata ukitaka kidogo tu, na wengine watakujazia kwenye kopo la kupuliza. Usipake bado. Gari lililokaa juani miaka kumi na tano halifanani tena na lilivyotoka kiwandani. Puliza kwenye kipande cha bati, kiache kikauke, kipake klia, yaani lile tabaka angavu la juu, kisha kishikilie kando ya mchubuko nje, kwenye mwanga wa mchana. Kitazame kutoka mbele, halafu kutoka pembeni, maana chembe za madini zilizomo kwenye silva hubadilika kulingana na upande unaotazamia.

Pitisha kucha kwenye mchubuko. Isipokwama, rangi haijaguswa. Iliyokwaruzwa ni klia, na polishi ya kukata itamaliza kazi. Ikikwama, endelea, lakini kwa mkono mwepesi. Praima, rangi na klia za kiwandani zote kwa pamoja hukaribia sehemu moja ya kumi ya milimita. Msasa mkavu wa hasira utazimaliza kwa dakika.

Mimi niliosha kwa sabuni, nikafuta mafuta yote, kwa sababu penye mabaki ya nta rangi hujikunyata na kuacha vishimo kama makovu ya tetekuwanga. Nikasugua kwa msasa wa maji namba 800. Palipoonekana bati nikapiga praima siku hiyohiyo. Kwetu pwani hewa ina chumvi, na bati tupu halingoji wiki. Kisha rangi: kopo umbali wa shubiri moja na ushee, mkono unatembea, tabaka jembamba, dakika kumi na tano, jingine. La kwanza halifuniki kitu, na hapo ndipo wengi hukosa subira, wakapuliza mpaka ikatiririka. Kingo za tepu niliziinua kidogo ili rangi ififie yenyewe, isiache mstari. Na nilichagua siku kavu, maana unyevu wa masika huifanya rangi iwe na ukungu mweupe.

Klia ndiyo inayonitia uchungu. Ile ngumu ya gereji, inayochanganywa na hadina, huwa na kemikali ziitwazo aisosayaneti. Ukizivuta unaweza kupata pumu, na mwili ukishazikataa, hata chembe kidogo hukubana kifua. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Isipulizwe nyumbani, penye watoto wanaocheza uani. Mimi nilitumia klia ya kopo isiyo na hadina, tena upande usio na mdomo wa tangi, kwa sababu petroli huiyeyusha. Lakini nawafikiria vijana tunaowaona kila siku wakipuliza hadina kando ya barabara, wamejifunga kipande cha kanga puani. Tunabishana nao bei mpaka shilingi ya mwisho, wala hatuwaulizi wanavuta nini. Mteja anayelipia mlango mzima kwa mchubuko wa kidole anaongeza dakika za kijana yule ndani ya wingu lile. Mwambie namba ya rangi, mwoneshe mchubuko, mwombe aishie hapo. Na mwenye gereji asiyewanunulia vijana wake vifaa vya kupumulia hewa safi, mimi gari langu simpelekei tena.

Wiki moja baadaye nilipitisha msasa namba 2000 wenye maji, nikamaliza na polishi. Jumapili nikalitoa gari juani, nikamwita mke wangu, nikamwomba anioneshe palipokuwa pamechubuka. Akainama, akazunguka, akarudi. Akaweka kidole kwenye mlango wa mbele.