Kuchora Nako ni Elimu

Hivi karibuni nilialikwa arusini Kericho. Sisi watu wa mwambao tukifika huko, kwanza hulalamikia baridi na pili hulalamikia mvua, maana mvua ya Kericho haina subira na alasiri haikosi miadi. Lakini macho hayalalamiki. Tangu Kericho mpaka upande wa Bomet vilima vimevikwa chai, kijani kimoja kilichokatwa sawasawa kama zulia jipya la msikitini.

Baada ya walima, mzee mmoja wa ukoo wa Kinubi alinivuta kando. Babu zao waliletwa na Waingereza kwa kazi ya uaskari, wakaachwa huko, wakazaana. "Ustadh," akaniambia, "wewe ni mtu wa kalamu, nipe rai." Mjukuu wake wa kike amemaliza skuli kwa alama nzuri. Amepata nafasi katika chuo kidogo huko Marekani, na ada amesamehewa. Jamii yote ilifurahi mpaka ilipojulikana kwamba binti anataka kusomea kuchora. Hapo furaha ikageuka matanga. Babake akasema, "Nimemsomesha kwa jasho la chai, leo akasomee rangi? Rangi hupikwa ikaliwa?" Na jawabu ilitakiwa kabla ya mwezi kwisha.

Nilimjibu mzee wangu kwa ufupi, maana arusini si mahali pa darsa. Lakini nilipokuwa njiani kurudi pwani niliona kwamba suala hili si la nyumba moja. Hata huku kwetu, mtoto akisema anataka udaktari huombewa dua, na akisema anataka kuchora huombewa shetani amtoke.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Likitajwa neno chuo, wengi wetu tunakumbuka mkeka na bakora kabla ya kukumbuka majumba ya ghorofa. Mimi nilisoma kwa mwalimu aliyetufunza kuchonga kalamu ya mwanzi na kutengeneza wino wa masizi. Tuliandika juu ya ubao, tukafuta, tukaandika tena. Herufi ikikosa uwiano, mwalimu hakusema kwamba mtoto ni mjinga. Alisema, "Mkono wako haujatulia, na jicho lako halijaona." Tulikuwa tukisoma kuchora, ila hakuna aliyetuambia.

Basi na huko Marekani viko vyuo vidogo vinavyofundisha kwa namna inayokaribiana na hiyo. Si vyuo vikuu vyenye wanafunzi makumi ya maelfu. Aghalabu huwa na wanafunzi elfu moja au elfu mbili, na mwalimu humjua kila mmoja kwa jina lake. Kanuni yao ni kwamba mwanafunzi asome elimu mbalimbali, hesabu, historia, lugha, falsafa na sayansi, kisha achague moja ya kuzama ndani yake. Anayechagua sanaa hutumia saa nyingi karakanani. Huanza kwa kuchora kwa makaa vitu alivyowekewa mbele yake, akaendelea na rangi, udongo, mbao na uchapaji wa picha. Kila mara kazi hubandikwa ukutani, na mwalimu na wanafunzi wenziwe huisema wazi wazi, pazuri papi na palipoharibika wapi. Mwaka wa mwisho mwanafunzi hufanya maonyesho yake mwenyewe na kuyatetea kwa maneno. Anayejua mashairi ya kujibizana ataielewa hali hiyo bila ya kufasiriwa.

Mfano mmoja ni chuo cha Berea katika jimbo la Kentucky, kilichoanzishwa 1855. Kina wanafunzi wapatao 1,500, hakiwatozi ada ya masomo, na kila mmoja wao sharti afanye kazi chuoni saa zisizopungua 10 kwa wiki. Wako wanaofuma nguo, wanaotengeneza mafagio, na wanaofinyanga vyombo. Mtoto wa mchuma chai hatakuwa mgeni mahali ambapo kazi ya mkono na kazi ya kitabu zimekaa meza moja.

Sasa tuje kwenye hoja ya baba, kwamba rangi hailiki. Hoja hii si ya kudharauliwa. Mzazi aliyeamka alfajiri miaka kumi na minane kwenda shambani ana haki ya kuuliza mwanawe atakula nini. Wala tusidanganyane: wachoraji wengi hupata taabu, na wengi hushika kazi nyingine pamoja na hiyo. Lakini na chai yenyewe je? Mei 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto Kericho na watu waliohofia kwamba kazi zao zinaondoka. Riziki iliyodhaniwa ni ya milele imeanza kutikisika. Mkono uliofunzwa kuchuma tu, mashine huushinda. Mkono uliofunzwa pamoja na jicho na akili hauondolewi upesi.

Tena tuitazame chai baada ya kuchumwa. Hushuka Mombasa, ambako mnada wake umekuwa tangu 1969. Sehemu kubwa huondoka bandarini ikiwa katika magunia, ikaenda ng'ambo kuchanganywa na kutiwa katika pakiti zinazovutia macho. Nani aliyezichora pakiti hizo? Ni watu waliosoma kuchora. Na bei ya pakiti si bei ya gunia. Tunapowazuia watoto wetu wasisome sanaa, tunawaachia wengine faida, kisha tunalalamika kwamba tunapunjwa.

Mifano iko. Sam Ntiro wa Tanganyika alisomea uchoraji Makerere, chuo ambacho Margaret Trowell alianza kufundishia sanaa katika miaka ya 1930, akaendelea Slade, London. Nchi yake ilipopata uhuru 1961, mchoraji huyo ndiye aliyepelekwa Uingereza kuwa Balozi. Magdalene Odundo alitoka Kenya kwenda Uingereza 1971 akisomea michoro ya biashara. Baadaye akaushika udongo, na miongoni mwa waliomfunza ni kina mama wafinyanzi wa Abuja, Nigeria. Akamaliza Royal College of Art 1982, na leo vyungu vyake vimo katika majumba makubwa ya makumbusho. Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, alipata shahada 1996 katika Cooper Union, chuo kidogo cha New York ambacho wakati huo hakikuwatoza wanafunzi ada. Uso wa jumba la Metropolitan Museum mjini humo una vidaka vinne vilivyokuwa vitupu tangu ulipomalizika 1902. Mwaka 2019 vilijazwa kwa mara ya kwanza, na aliyevijaza ni Mutu kwa masanamu yake ya shaba nyeusi.

Nikisema masanamu, najua msomaji wangu atauliza habari ya taswira za viumbe wenye roho. Hilo ni suala la wanazuoni. Binti na aende akawaulize, na ashike analotulia nalo moyoni. Lakini sanaa haikuishia katika sura za watu. Vidaka vya nyumba za Lamu vilichongwa na nani? Milango ya Unguja? Wanakili wa Siyu, kisiwani Pate, waliandika misahafu katika karne ya 18 na ya 19 kwa hati na nakshi zao wenyewe. Babu zetu hawakuiona elimu hiyo kuwa upuuzi. Walimlipa fundi, wakampa na heshima.

Hata huyo mtoto wa Kericho hakuokota mapenzi yake barabarani. Nyumbani kwao niliona kawa zilizosukwa na bibi yake kwa rangi zinazozungukana bila ya kukosana. Majirani zao Wakipsigis wana vibuyu vya maziwa vilivyopambwa kwa shanga, na vingine kwa kauri zilizotoka katika bahari yetu. Na si mbali, huko Tabaka, Wakisii wanachonga mawe laini. Mtoto amelelewa kati ya mafundi, kisha tunashangaa jicho lake limefunguka!

Serikali nayo isikae pembeni. Mtaala mpya wa Kenya umeweka sanaa na michezo kuwa moja ya njia tatu za sekondari ya juu. Ni jambo la kushukuru. Lakini njia isiyo na mwalimu, karatasi wala rangi ni njia ya jina tu. Kaunti za Kericho na Bomet, na zetu za pwani, ziulizwe: ni skuli ngapi zina chumba cha kuchorea?

Juzi mzee amenipigia simu. Jawabu imepelekwa, binti atakwenda. Babake amekubali kwa sharti moja, kwamba pamoja na hiyo rangi asome na hesabu. Hakujua kwamba chuo chenyewe kimekwisha kuziandika hesabu katika masomo yake ya mwaka wa kwanza. Nilimwambia mzee amweleze mwanawe hivyo, ili naye alale usingizi. Mzazi mwenye hofu asichekwe, aelezwe. Na mtoto mwenye kipawa asizuiwe kabla hajasikizwa.