Picha za Kutazamwa Mjini Nairobi

Wasomaji wetu wengi hufika Nairobi kwa shughuli ya siku moja. Mwenye shamba amefuata hati ya ardhi, karani ametumwa na ofisi yake. Shughuli ikiisha saa nane, husimama kivulini kungoja gari lijae. Juma hili twapenda kuwaonyesha mahali pa kwenda badala ya kusimama.

Pa kwanza ni Nairobi Gallery, penye njia panda ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Jengo hilo la mwaka 1913 lilikuwa ofisi ya Mkuu wa Jimbo, na humo ndimo vizazi, ndoa na vifo vilimokuwa vikiandikishwa. Leo humo mna vitu alivyokusanya marehemu Bwana Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais kwa miezi michache mwaka 1966, pamoja na mkewe, Bibi Sheila: vinyago, vitambaa, mapambo na picha za rangi kutoka pande nyingi za Afrika.

Habari ya bwana huyu yafaa ikumbukwe. Mwaka 1972 alishirikiana na Mmarekani Alan Donovan kufungua African Heritage, duka na nyumba ya sanaa. Baadaye aliiuzia Serikali nyumba yake ya Muthaiga pamoja na maktaba yake, akitumaini kwamba pale patakuwa chuo cha kujifunza mambo ya Afrika. Chuo hakikuwa, na nyumba ile haikutunzwa. Alifariki mwaka 1990. Vitabu vyake viliokoka, navyo vimo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, karibu na kituo cha Ambassadeur ambapo wengi wetu hushukia kila siku bila kugeuza shingo.

Ama senema, majumba ya zamani yamepungua. Odeon sasa ni jina la kituo cha matatu tu. Shan, kule Ngara, iligeuka kuwa jumba la wanasarakasi. Lakini Goethe-Institut na Alliance Française, vyuo vya Kijerumani na Kifaransa vilivyo karibu na Loita Street, vimezoea kuonyesha senema, na si za Ulaya peke yake. Msomaji akisikia kwamba Supa Modo inaonyeshwa, asiikose. Ni kazi ya Bwana Likarion Wainaina ya mwaka 2018, juu ya mtoto mgonjwa atakaye kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na jirani zake wanaojitolea kumtengenezea senema. Wanakijiji wale wanasema kama tusemavyo sisi.

Upande wa kaskazini, mchoraji Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, alianzisha taasisi iitwayo Nairobi Contemporary Art Institute, iliyofungua milango mwaka 2022 katika Rosslyn Riviera, Limuru Road. Mwaka ule ule ilionyesha kazi za Sane Wadu. Huyu alikuwa mwalimu. Alipoacha kazi ili achore, watu walimwita mwendawazimu, naye akajibu kwa kujipa jina la Sane, maana yake mwenye akili timamu. Makarani wenye kuficha michoro yao ndani ya madaftari ya ofisi watamwelewa upesi. Gari la Ruaka lipitalo Village Market hufika hapo.

Hata hivyo tuna neno kwa wenye nyumba hizi zote. Senema na mazungumzo huwekwa aghalabu jioni, jua likikaribia kutua, saa ambayo mwenye gari lake huanza starehe na mtu wa Kikuyu au Githunguri hukimbilia gari la kurudi. Kisha husemwa kwamba wakulima hawapendi sanaa! Filamu iliyoonyeshwa Jumatano usiku na irudiwe Jumamosi saa nane mchana, na tangazo lake liwe kwa Kiswahili pia, libandikwe pale Ambassadeur na Odeon, ambapo watu wapo.

Msomaji naye aulize saa na kiingilio kabla ya kufunga safari, maana ratiba hubadilika. Mwananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni katika Nairobi Gallery, kwa hiyo asisahau kitambulisho chake.