Kiingereza Chetu: Kutoa Mvuke

Waingereza husema "to let off steam". Asili yake ni mitambo ya mvuke, kama garimoshi: mvuke ukizidi ndani ya tangi, vali ya usalama hufunguka na kuupunguza, isipofunguka, tangi laweza kupasuka. Katika karne ya 19 msemo huu ukahamia kwa wanadamu, ukiwa na maana ya kutoa dukuduku, au kupunguza hasira na uchovu uliojaa moyoni. Askari aliyekesha lindoni, kisha akacheza mpira jioni na wenziwe, msemo wamfaa. Ampigaye mkewe haumfai hata kidogo. Huyo ni tangi lililopasuka. Wala usiufasiri neno kwa neno. Niliwahi kuandika kuwa mkuu wetu "ametoa mvuke", tarishi akauliza kama birika limechemka ofisini.