Kamera Zako, Nenosiri la Fundi

Leo sina upole. Kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu na nitalisema wazi: kamera nyingi za usalama ninazoitwa kuzitazama majumbani si za mwenye nyumba. Amezinunua yeye, zimetobolewa kwenye kuta zake, zinakula stima yake usiku na mchana. Lakini mwenyewe halisi ni fundi aliyezifunga, kwa sababu fundi ndiye mwenye nenosiri.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, si kupanda ngazi na dirili. Ila hapa kwetu ukishasomea kompyuta, basi umesomea kila kitu chenye waya. "Si wewe ni mtu wa kompyuta? Hebu njoo utuangalizie." Naenda. Na karibu kila mara swali langu la kwanza, "Nenosiri la admini ni lipi?", linajibiwa kwa kimya, halafu: "Hilo analo fundi."

Chukua mfano huu. Jirani yangu alibadilisha kampuni ya intaneti. Siku hiyo hiyo kamera zikaacha kuonekana kwenye simu yake. Akaamini zimeharibika, na kuna mtu alikuwa ameshamwambia anunue rekoda mpya. Nikamwambia tuwashe televisheni iliyounganishwa na rekoda. Kamera zote 4 zilikuwa zinaonekana vizuri na kurekodi kunaendelea. Hapo tayari umejua mengi, ndugu msomaji: kamera ni nzima, waya ni nzima, umeme unafika. Hitilafu iko kati ya rekoda na intaneti.

Nayo ilikuwa ndogo sana. Rauta ya zamani ilikuwa ikitumia anwani zinazoanza na 192.168.1, na fundi aliipa rekoda anwani ya kudumu katika mtaa huo. Rauta mpya ilikuja na 192.168.100. Yaani rekoda ilikuwa inabisha hodi kwenye lango la nyumba iliyokwisha hamwa. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya mtandao, kuiambia rekoda ipokee anwani kutoka kwa rauta mpya, kuhifadhi, kwisha. Dakika 5.

Dakika 5 ukiwa na nenosiri! Sisi hatukuwa nalo. Fundi akipigiwa, hapatikani. Tukajaribu kulirejesha kwa barua pepe iliyosajiliwa. Barua pepe ni ya fundi. Tukajaribu kuiongeza rekoda kwenye akaunti mpya ya simu. Ikakataa, imeshafungwa kwenye akaunti nyingine. Ya nani? Ya fundi. Jirani alikuwa "ameshirikishwa" tu, kama mgeni anayeruhusiwa kuchungulia dirishani kwake mwenyewe. Alipopatikana baada ya siku 3, fundi alidai ada ya kuja "kurekebisha mfumo". Huo si ufundi, hiyo ni kuteka nyara.

Na ada ndiyo sehemu ndogo. Mwenye akaunti kuu anaweza kufungua simu yake akiwa popote na kuona nani ametoka, nani amebaki, gari limerudi saa ngapi, watoto wanacheza wapi. Wengine wameweka kamera sebuleni na jikoni ili wamwangalie dada wa kazi. Huyo dada hakuambiwa kwamba kuna mwanamume asiyemjua anayeweza kumtazama pia. Sisemi mafundi wote wanachungulia. Nasema hakuna sababu hata moja ya mtu kubaki na uwezo huo baada ya kulipwa na kuondoka. Mjenzi akishamaliza nyumba yako, anabaki na ufunguo?

Najua mafundi wanavyojitetea, maana nimewauliza. Wanasema wateja husahau manenosiri halafu wanawalaumu wao. Ni kweli, watu husahau. Basi mwandikie kwenye karatasi, itiwe kwenye bahasha, ikae pamoja na hati ya kiwanja. Hakuna mwizi wa Urusi atakayeipata kabatini kwako. Wanasema pia kwamba wakibaki na nenosiri ni rahisi kumsaidia mteja kwa mbali. Sawa, mteja akufungulie akaunti ya muda siku anapohitaji msaada, na aifute ukimaliza. Rekoda hizi huruhusu watumiaji wengi wenye mamlaka tofauti.

Na wenye nyumba nao wana wimbo wao: "Nani atahangaika na kamera za kwangu? Mimi si waziri." Mdukuzi hahitaji kukujua. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai ilizunguka intaneti ikibisha hodi kwenye kamera, rekoda na rauta, ikijaribu orodha ya takriban majina na manenosiri 60 yanayotoka nayo kiwandani. Penye nenosiri la kiwandani iliingia na kukigeuza kifaa kuwa askari wake. Tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi hilo lilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa kwa watu wengi. Mwaka 2017 vijana 3 wa Kimarekani walikiri makosa mahakamani kwa kuiunda Mirai. Vifaa walivyovitumia vilikuwa vya watu wa kawaida ambao, nao, si mawaziri.

Hata nenosiri gumu halitoshi peke yake. Septemba 2021 Hikvision, mojawapo ya watengenezaji wakubwa wa kamera duniani, ilitoa marekebisho ya kasoro iliyosajiliwa kama CVE-2021-36260, iliyomwezesha mtu kuendesha amri kwenye kifaa bila nenosiri lolote. Tiba ni kusasisha programu iliyo ndani ya kifaa. Na ili usasishe, unahitaji nini? Naam, akaunti ya admini. Iliyo kwa fundi. Asiyepokea simu.

Kuna na hili la kufungua poti kwenye rauta ili uone kamera ukiwa safarini. Fundi akikuambia anafungua poti 80 au 8000 "ndio ishike vizuri", mwambie asimame hapo hapo. Anatoboa ukuta wako ukitazama dunia nzima. Kama ni lazima, tumia huduma ya mtengenezaji ya kuunganisha simu na rekoda, kwa akaunti yako; au ukiwa mtundu kidogo, weka VPN kwenye rauta.

Mtu anayelindwa hivi vibaya bado ataambiwa "kazi imeisha" kwa sababu picha zinaonekana kwenye skrini. Hapana. Kuonekana kwa picha ni mwanzo wa kazi. Kabla hujalipa salio, mfanyie fundi mtihani huu ukiwa umesimama naye:

1. Akutajie nenosiri la admini, kisha wewe mwenyewe ulibadilishe yeye akitazama pembeni. Barua pepe ya kurejesha iwe yako.

2. Rekoda isajiliwe kwa akaunti ya simu yako. Fungua orodha ya watumiaji. Jina usilolijua, futa.

3. Uliza inahifadhi siku ngapi, halafu piga hesabu mwenyewe. Kamera moja inayorekodi mfululizo kwa megabiti 4 kwa sekunde inakula gigabaiti 43 kwa siku. Kamera 4 ni kama gigabaiti 173. Diski ya terabaiti 1 haifikishi hata siku 6. Aliyekuahidi mwezi mzima amekudanganya, na utajua hivyo ukirudi kutoka ushago baada ya wiki 2 ukute kufuli limevunjwa na picha za siku ile zimeshafutwa.

4. Tazama saa. Iwe saa za Afrika Mashariki, na ijirekebishe yenyewe kupitia mtandao. Wizi wa Jumanne usiku ukionyeshwa umetokea Jumapili mchana, wakili wa mshtakiwa atakushukuru.

5. Rudi saa za giza. Kamera inayofanya kazi mchana na kuzima kila jioni mara nyingi haipati umeme wa kutosha: taa zake za usiku zikiwaka inadai zaidi, na waya mrefu wa bei rahisi, ule wa alumini iliyopakwa shaba, hauwezi. Waya wa mtandao usizidi mita 100, na uwe wa shaba tupu.

6. Zima stima ya nyumba. Rekoda na rauta ziendelee kwa betri, hata kwa nusu saa. Mwizi anajua kuzima swichi kuu kuliko wewe.

7. Ifiche rekoda. Ile inayokaa chini ya televisheni hubebwa pamoja na televisheni.

Fundi mzuri hataudhika na mtihani huu. Wapo, nawafahamu, na ndio wanaoharibiwa jina na hawa wengine. Anayekasirika ukiomba nenosiri lako, huyo mlipe alichofanya na umwage kwaheri.

Wenzetu wameanza kuamka. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria hairuhusu kuuza vifaa vya mtandao vya nyumbani vyenye nenosiri moja rahisi linalofanana kwa vyote. Sisi Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inaharamisha kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini. Lakini sheria haitakusaidia iwapo idhini uliitoa mwenyewe kwa kunyamaza, na hata hujui nani anaingia.

Kwa hiyo leo jioni, kabla ya taarifa ya habari, iendee rekoda yako. Jaribu kuingia kama admini. Ukishindwa, jua kwamba kuna mtu anayeweza, na si wewe. Mpigie simu. Usimwombe, mdai. Ni yako.