Taarifa za mwaka za makampuni zisomeke kwenye simu

Mwekezaji mdogo wa Dar es Salaam leo hana haja ya kupanda basi hadi ofisi ya dalali ili anunue hisa. Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), lililoanza mauzo Aprili 1998 likiwa na kampuni moja tu, TOL, sasa linamwezesha kununua na kuuza kwa simu ya mkononi kupitia Hisa Kiganjani. Lakini akitaka kwanza kusoma taarifa ya mwaka ya kampuni anayoipenda, mara nyingi ataikuta kwenye tovuti katika umbo ambalo simu hiyo hiyo haiwezi kulionyesha likasomeka. Kwa maoni ya safu hii, hiyo ni kasoro ya soko, wala tusiiachie mafundi wa kompyuta peke yao.

Chanzo cha kasoro hii ni kwamba taarifa ya mwaka bado hutengenezwa kwa ajili ya karatasi. Mhasibu akishamaliza mahesabu na mkaguzi kutia saini, kazi huenda kwa msanifu kurasa, ambaye hupanga maandishi, majedwali na picha kwa programu ya uchapishaji. Utaratibu huo ulishika kasi mwaka 1985, kampuni ya Aldus ilipotoa PageMaker. QuarkXPress ilifuata 1987, na InDesign ya Adobe ikaja 1999. Zote zimejengwa juu ya wazo moja: ukurasa una ukubwa maalum, na kila herufi ina mahali pake pasipobadilika. Kazi ikishapelekwa kwa mchapaji, faili lile lile huhifadhiwa kama PDF, umbo ambalo Adobe ilileta 1993, likawekwa kwenye tovuti. Kampuni huhesabu kwamba imekwisha kuwafikia wanahisa wake.

Sifa kubwa ya PDF ni kwamba ukurasa haubadiliki popote unapofunguliwa. Kwenye simu, sifa hiyo hiyo ndiyo taabu. Ukurasa wa A4 una upana wa milimita 210, na kioo cha simu ya kawaida kina kama milimita 70. Maana yake herufi ya pointi 10 inaonekana kama ya pointi 3 na kidogo. Ukiukuza ukurasa ili usome, unabaki na kipande tu cha jedwali, na kabla hujafika kwenye safu ya mwaka jana umekwisha sahau ulikuwa mstari gani. Aidha, faili hilo ni zito kwa sababu ya picha za wakurugenzi na majengo. Mfanyabiashara anayenunua bando la siku analipia picha hizo zote, hata kama alichotaka ni ukurasa mmoja wa mtiririko wa fedha.

Ziko kampuni zinazodhani dawa ni kubonyeza kitufe ili faili zima la kurasa 150 ligeuzwe kuwa kurasa za tovuti. Hapo ndipo hatari kubwa zaidi ilipo, na ni vizuri wawekezaji wakaielewa.

Kwanza, katika programu ya uchapishaji maandishi hukaa ndani ya visanduku. Msomaji wa karatasi hufuata visanduku kwa jicho, lakini programu ya kugeuza inaweza kuvifuata kwa mpangilio ambao msanifu alivichora. Ripoti ya mwenyekiti iliyopangwa katika safu mbili huweza kutoka mistari ya kushoto na ya kulia ikiwa imechanganyika.

Pili, majedwali mengi hupangwa kwa nafasi na vituo vya kusogeza maandishi. Lugha ya HTML, inayotumika kuandika kurasa za tovuti, kwa kawaida huzifanya nafasi nyingi zinazofuatana kuwa moja. Palipokuwa na pengo kwa sababu mwaka huu hapakuwa na kiasi chochote, pengo hufutika, na tarakimu ya mwaka jana husogea hadi mahali pa mwaka huu.

Tatu, maneno "Sh milioni" huandikwa mara moja juu ya jedwali. Jedwali likikatwa vipande viwili, cha pili hubaki bila kipimo, na msomaji hajui kama 1,250 ni mamilioni au maelfu. Nne, mhasibu huandika "tazama maelezo namba 14, ukurasa 87", na kwenye tovuti hakuna ukurasa 87. Tano, msanifu akiona jedwali linaharibika, hulipiga picha na kuibandika. Tarakimu zinaonekana, lakini huwezi kuzitafuta wala kuzinakili ukapige hesabu zako.

Kibaya kuliko vyote ni mabano. Wahasibu huonyesha kiasi hasi kwa mabano, na alama hizo ndogo ni rahisi kupotea wakati majedwali yanapohamishwa na kuandikwa upya. Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni imetangaza faida ya Sh milioni 4,200, na katika mtiririko wa fedha, shughuli za kawaida zinaonyesha (1,150). Maana yake ni kwamba faida imeandikwa vitabuni, lakini fedha taslimu zimetoka kuliko zilizoingia. Huenda wateja hawajalipa, au bidhaa zimerundikana ghalani. Mnunuzi makini angesimama hapo na kuuliza gawio litalipwa kwa fedha zipi. Mabano yakidondoka, anaona 1,150 ikiingia, naye ananunua kwa furaha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lenye tarakimu iliyogeuzwa ni hatari zaidi, maana linatoa habari, tena ya uongo.

Njia iliyo sahihi inaanza kabla ya kazi kufika kwa mchapaji. Msanifu kurasa aipe kila aina ya maandishi jina lake ndani ya programu: kichwa cha sura, kichwa kidogo, aya, tanbihi, jedwali. Asiishie kukuza herufi na kuzikoleza wino. Faili lililopangwa hivyo linaweza kugeuzwa kwa utaratibu, kwa kuwa kompyuta inajua kipi ni kichwa na kipi ni aya. Kisha taarifa igawanywe katika kurasa fupi: ripoti ya mwenyekiti, ripoti ya mkaguzi, mapato na matumizi, mizania, mtiririko wa fedha na maelezo ya mahesabu, zote zikiunganishwa na yaliyomo. Kipimo cha fedha kirudiwe juu ya kila jedwali. Namba ya maelezo iguswe na kumpeleka msomaji kwenye maelezo yenyewe, na iwepo njia ya kurudi. Namba za kurasa za kitabu ziachwe pembeni, ili mwanahisa mwenye simu na mwenye kitabu waelewane kwenye mkutano mkuu. Mwisho, mhasibu alinganishe kila tarakimu na nakala iliyotiwa saini, na ajumlishe upya kila jumla. Kazi hiyo asiachiwe msanifu. PDF ibaki kwa anayetaka kuchapa.

Upo upinzani unaosikika mara kwa mara. Wanasheria wa makampuni husema nakala yenye saini ndiyo pekee inayotambulika, na kuwa na umbo la pili ni kujitafutia kesi. Hoja hiyo ina uzito pale umbo la pili linapotengenezwa ovyo. Lakini masoko makubwa yamekwisha kulivuka suala hilo. Nchini Marekani, kampuni za ndani zinazouza hisa kwa umma zililazimika kuwasilisha taarifa kwa njia ya elektroniki kupitia mfumo wa EDGAR kufikia 1996. Mwaka 1999 mfumo huo ulianza kupokea HTML, na hadi leo PDF inayoambatanishwa na taarifa ya mwaka huhesabiwa nakala isiyo rasmi. Umoja wa Ulaya nao uliweka kanuni, kuanzia mahesabu ya mwaka 2020, kwamba taarifa za mwaka za kampuni zilizo kwenye masoko yake ya hisa ziwe katika XHTML, ndugu wa HTML, ingawa nchi wanachama ziliruhusiwa kuahirisha kwa mwaka mmoja. Huko, ukurasa wa tovuti ndio taarifa yenyewe.

Wengine husema ni gharama. Ni kweli, mwaka wa kwanza una kazi nyingi. Lakini mpangilio ukishawekwa, mwaka unaofuata hutumika ule ule. Na kampuni inayomudu karatasi ya kung'aa na mpiga picha haiwezi kudai imeshindwa kumlipa mhasibu siku chache za kuhakiki majedwali.

Wengine tena husema mwekezaji mdogo hasomi mahesabu. Atasomaje kitu asichokiona? Mifuko ya pensheni na kampuni za uwekezaji zina wachambuzi wenye kompyuta za vioo vikubwa. Kwao PDF si tatizo. Anayeachwa nyuma ni mwenye duka aliyeweka akiba yake katika hisa mia tano, naye ndiye anayehimizwa kila siku aingie sokoni. Sokoni, anayechelewa kupata habari ndiye anayenunua kwa bei ya juu.

Safu hii inapendekeza DSE na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA) ziweke sharti la kuanzia, tena dogo: ripoti ya mkaguzi, mapato na matumizi, mizania na mtiririko wa fedha ziwekwe kama kurasa halisi za tovuti, zilizohakikiwa, siku ile ile PDF inapotolewa. Mengine yafuate baadaye. Nanyi wanahisa msisubiri sharti. Kwenye mkutano mkuu ujao, baada ya kuuliza kuhusu gawio, ulizeni ni lini mahesabu ya kampuni yenu yatasomeka kwenye simu mlizo nazo mfukoni.