Mteremko mlangoni pekee haumfikishi mtu ofisini

Kwa anayetumia kiti mwendo mjini Iringa, kazi huanza mbali sana na mlango wa halmashauri. Basi linamshusha kituo cha Igumbilo au Ipogolo, kando ya barabara kuu, na mji wenyewe uko juu kilimani. Konda wa daladala ana haraka zake. Inabaki bajaji ya kukodi, nauli ambayo jirani yake asiye na ulemavu hailipi. Mbeya nako mjini kumeegemea mlima Loleza, na mvua zikianza Novemba njia za mitaa ya pembeni huwa tope hadi Aprili.

Sheria ipo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Wanaohusika si wachache pia: sensa ya 2022 ilionyesha asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu.

Halmashauri zikiulizwa zimefanya nini, mara nyingi zinaonyesha mteremko wa zege pembeni mwa ngazi. Ni jambo jema, lakini kiziwi unamsaidia nini? Chukua mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Ilisitishwa Aprili 2023, ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Kuipata kunahitaji kuelewana na afisa maendeleo ya jamii wa kata na kujaza maombi kwenye mfumo wa kielektroniki. Kiziwi asiye na mkalimani humtegemea ndugu, na siri zake za fedha zinapita mikononi mwa mtu mwingine. Wengine huona bora kuacha. Halafu tunasikia kwamba watu wenye ulemavu hawajitokezi!

Iringa yenyewe ina mfano wa karibu. Neema Crafts, iliyoanza mwaka 2003, ina mgahawa unaohudumiwa na viziwi: mteja anaandika anachotaka, au anajifunza ishara mbili tatu. Karatasi haimtoshi kiziwi ambaye hakusoma shule, kwa hiyo ofisi ya kata bado inahitaji mtumishi anayejua lugha ya alama. Hata hivyo kuanza hakusubiri mfadhili.

Majengo ni suala la wakati. Mteremko, choo kipana na mlango mpana vikiingia kwenye makadirio ya gharama kabla ya msingi kuchimbwa, gharama yake ni ndogo. Bati likishapigwa, jibu ni kwamba fedha zimekwisha. Ndiyo maana kamati za watu wenye ulemavu, zinazotakiwa kuwepo kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa, zinapaswa kuona bajeti ikiwa bado rasimu. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na rasimu hizo hujadiliwa miezi kadhaa kabla, katika mvua zilezile zinazomzuia mwenye kiti mwendo kufika mkutanoni.